NYU au USC: Kuchagua Chuo cha Filamu kwa Kufuata Safari za Waliosoma Hapo

Kijana anayetaka kusomea filamu Marekani, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hukutana mapema na majina mawili: Chuo Kikuu cha New York, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake NYU, na Chuo Kikuu cha Southern California, yaani USC, kilichoko Los Angeles. Vyote viwili ni vyuo vikuu binafsi, vyote ni vikubwa, maana kila kimoja kina wanafunzi zaidi ya 45,000, na vyote hujitangaza kwa orodha ndefu ya watu mashuhuri waliosoma hapo. Orodha hizo zikiwekwa bega kwa bega, hakuna inayoishinda nyingine kwa wazi, na anayejaribu kuamua kwa kuhesabu nyota na tuzo atabaki palepale alipoanzia.

Hata hivyo, orodha ya wahitimu ina manufaa makubwa kwa anayeisoma kwa namna nyingine. Nyuma ya kila jina kuna safari: nani alilipa ada, mhitimu alikutana na nani darasani, alisubiri muda gani kabla ya kupata kazi ya kwanza yenye jina lake, na baada ya kufanikiwa aliwaita akina nani wafanye naye kazi. Safari hizo ndizo zinazotofautiana baina ya vyuo hivi viwili, na tofauti yake imejirudia kizazi baada ya kizazi. Msimamo wangu ni kwamba NYU humlea zaidi mtu anayetaka kusimulia hadithi yake mwenyewe hata kwa fedha kidogo, ilhali USC humlea zaidi mtu atakayefanya kazi ndani ya kikosi na ndani ya tasnia kubwa. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, tofauti hiyo ina uzito kuliko nafasi ya chuo katika jedwali lolote la ubora.

Majina ya kuweka kando kwanza

Kabla ya kulinganisha, orodha zote mbili zinahitaji kuchujwa, kwa sababu vyuo vya Marekani humhesabu kuwa mwanafunzi wa zamani hata mtu aliyekaa muda mfupi akaondoka. Lady Gaga aliingia shule ya sanaa ya NYU akiwa na umri wa miaka 17, akaacha masomo mwaka wa pili ili ashughulikie muziki. Ron Howard alisoma USC bila kumaliza, naye alikuwa mwigizaji anayejulikana nchi nzima tangu utotoni. Neil Armstrong hutajwa sana katika orodha ya USC, lakini shahada yake ya uzamili ya uhandisi wa anga aliipata hapo mwaka 1970, baada ya kutua mwezini Julai 1969, na shahada yake ya kwanza ilitoka Purdue, ambacho ni chuo cha umma. Watu hawa ni fahari ya vyuo vyao kwa haki, ila hawamwambii mwombaji lolote kuhusu kile ambacho chuo kitamfanyia yeye.

Steven Spielberg ni mfano unaostahili kukaliwa kidogo. Jina lake limo katika majengo ya shule ya filamu ya USC, na chuo hicho kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1994 kisha kikamwingiza katika bodi yake ya wadhamini. Lakini alipokuwa kijana na kuomba nafasi katika shule hiyohiyo, alikataliwa, akaenda kusoma katika chuo cha umma cha Long Beach. Nimelitaja hili kwa ajili ya yule atakayepokea barua ya kukataliwa: kamati ya udahili hupima maombi yaliyo mezani siku hiyo, na haina uwezo wa kupima maisha yote ya mtu.

Tukishawaweka kando walioacha masomo, waliopewa shahada za heshima na waliokuja wakiwa tayari na majina, wanabaki wale waliokaa, wakatengeneza kazi za kiuanafunzi na kuanzia hapo. Hao ndio wa kufuatwa.

Njia ya New York

NYU ilianzishwa mwaka 1831, na moyo wake uko Washington Square, katika mtaa wa Greenwich Village. Kampasi haina ukuta wala lango. Mwanafunzi akitoka darasani yumo barabarani, na kwa watu wa filamu jambo hilo lina maana kubwa, kwa kuwa jiji lenyewe huwa ndilo eneo la kupigia picha. Shule yake ya sanaa, ambayo leo inaitwa Tisch, ilianza mwaka 1965.

Martin Scorsese alipata shahada yake ya kwanza NYU mwaka 1964, mwaka mmoja kabla ya shule hiyo kuanzishwa, wakati masomo ya filamu yalipokuwa bado ni sehemu ndogo ya chuo. Alikuwa mtoto wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, amekulia Little Italy, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chuoni. Mwalimu wake, Haig Manoogian, aliwahimiza wanafunzi watengeneze filamu kuhusu mambo wanayoyajua, na filamu ndefu ya kwanza ya Scorsese ilianza kama kazi ya chuo, mwalimu huyohuyo akiwa miongoni mwa watayarishaji wake. Mwaka 1980 Scorsese alimtunukia Manoogian filamu ya *Raging Bull*. Katikati ya safari hiyo yeye mwenyewe alirudi kufundisha chuoni hapo, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Oliver Stone, aliyekuwa ametoka vitani Vietnam na ambaye baadaye aliyageuza aliyoyaona huko kuwa filamu.

Mtindo huo ulijirudia kwa Spike Lee. Ada yake ililipwa na bibi yake, aliyekuwa ameweka akiba miaka mingi ili kuwasomesha wajukuu. Filamu yake ya kumaliza shahada ya uzamili, iliyohusu kinyozi wa Brooklyn, ilipata tuzo ya Oscar ya wanafunzi mwaka 1983. Mpiga picha wake alikuwa mwanafunzi mwenzake, Ernest Dickerson, na miongoni mwa waliosaidia katika upigaji wa filamu hiyo alikuwamo kijana kutoka Taiwan aitwaye Ang Lee. Miaka michache baadaye Spike Lee alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, iliyopigwa kwa siku 12 na kugharimu takriban dola 175,000, na Dickerson akawa tena nyuma ya kamera. Iliingiza zaidi ya dola milioni 7 kwenye kumbi za sinema. Tangu miaka ya 1990 Spike Lee amekuwa akifundisha NYU, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chloé Zhao, mzaliwa wa Beijing, ambaye filamu yake ndefu ya kwanza aliitengeneza pamoja na wenyeji wa Pine Ridge, eneo la Wahindi Wekundu wa kabila la Lakota huko South Dakota, na ambaye mwaka 2021 alipata Oscar ya uongozaji bora.

Ukiishia hapo, NYU inaonekana kuwa njia iliyonyooka. Lakini mfuate Ang Lee. Alimaliza masomo mwaka 1984, akakaa takriban miaka sita bila kuongoza filamu yoyote, akipika, akilea watoto na kuandika miswada, huku mke wake, mtaalamu wa mikrobiolojia, akiitunza familia kwa mshahara wake. Kilichomwinua hatimaye kilitoka nyumbani: mwaka 1990 aliingiza miswada miwili katika shindano la serikali ya Taiwan, yote miwili ikashinda, na filamu yake ya kwanza ikapata fedha kutoka huko. Baadaye akapata Oscar ya uongozaji mara mbili. Naiona safari hii kuwa ndiyo muhimu kuliko zote kwa msomaji wa kwetu, kwa sababu inaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba NYU inaweza kumpa mtu sauti yake bila kumpa kazi, na kwamba mlango wa kwanza unaweza kufunguka katika nchi aliyotoka mtu badala ya nchi aliyosomea.

Njia ya Los Angeles

USC ilianzishwa mwaka 1880, na shule yake ya filamu ilizaliwa mwaka 1929 kwa ushirikiano na taasisi ileile inayotoa tuzo za Oscar. Mwigizaji Douglas Fairbanks, aliyekuwa rais wa kwanza wa taasisi hiyo, alikuwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo. Kwa hiyo shule hii haikuhitaji kuikaribia Hollywood, kwa kuwa Hollywood yenyewe ilikuwapo wakati wa kuzaliwa kwake, na ukaribu huo haujawahi kukatika.

Kundi lililoijengea jina lilisoma hapo katika miaka ya 1960: George Lucas, mhariri na mtaalamu wa sauti Walter Murch, mwandishi John Milius, mpiga picha Caleb Deschanel, na wengine kadhaa. Lucas alitengeneza filamu fupi ya kubuni mambo yajayo mwaka 1967 akiwa mwanafunzi, na mwaka 1971 akaipanua kuwa filamu ndefu, akiandika mswada pamoja na Murch. Murch akaja kupata Oscar za sauti na uhariri. Alipohitaji mtu wa kubuni sauti za *Star Wars*, iliyotoka mwaka 1977, Lucas alimchukua Ben Burtt, mhitimu mwingine wa USC. Mwaka 2006 Lucas aliipa shule hiyo dola milioni 175 kwa ajili ya majengo na mfuko wa kudumu. Angalia aina ya watu waliomo katika kundi hili: mwongozaji ni mmoja tu kati ya wengi, na wengine wamekuwa mashuhuri kwa sauti, kwa uhariri, kwa kamera na kwa kalamu.

Robert Zemeckis na Bob Gale walikutana hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaandika pamoja miaka mingi hadi wakapata filamu yao kubwa mwaka 1985. Shonda Rhimes alisomea uandishi wa miswada hapo, kisha akaigeuza televisheni ya Marekani kwa tamthilia zake. Jambo ambalo orodha ya USC inalionyesha wazi zaidi kuliko ya NYU ni kasi. John Singleton alihitimu mwaka 1990, na mwaka uliofuata filamu yake ya kwanza, aliyoiandika kuhusu mtaa wake wa South Central, ilikuwa tayari imetolewa na studio kubwa. Akateuliwa kuwania Oscar ya uongozaji akiwa na umri wa miaka 24, Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia hapo na kijana kuliko wote waliowahi kuteuliwa.

Ryan Coogler ndiye mfano ulio hai zaidi, na ndani yake umo mnyororo unaotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili. Unaanzia kwa Forest Whitaker, aliyesomea uimbaji na uigizaji USC, ambaye mwaka 2006 alimwigiza Idi Amin katika filamu iliyopigwa Uganda. Kwa ajili ya kazi hiyo alijifunza Kiswahili, lugha ambayo Amin aliitumia na askari wake, na mwaka 2007 akapata Oscar ya mwigizaji bora. Kampuni ya utayarishaji ya Whitaker ilipokuwa ikitafuta waongozaji chipukizi, ilimpata Coogler akiwa anamalizia masomo yake USC. Coogler alihitimu mwaka 2011, na mwezi Januari 2013 filamu yake ya kwanza, iliyotayarishwa na kampuni hiyo, ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Sundance. Wahariri wake wawili walikuwa wanafunzi wenzake wa USC, na mtunzi wa muziki, Ludwig Göransson kutoka Sweden, naye alisoma hapo. Aliondoka chuoni na kikosi kizima, na kikosi hicho kiliendelea kufanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Kwa nini safari zinatofautiana

Tofauti hii ina chanzo chake katika ufundishaji. Katika programu ya uzamili ya NYU, inayochukua takriban miaka mitatu na kupokea wanafunzi wachache kila mwaka, kila mmoja huandika na kuongoza filamu zake, huku akiwafanyia wenzake kazi za kamera, sauti na utayarishaji. USC hupokea wengi zaidi na huwapanga kama studio: katika miradi mikubwa ya chuo wanafunzi huwasilisha mawazo yao, wachache huchaguliwa kuongoza, na wengine hushika uhariri, sauti, upigaji picha au utayarishaji. Anayeingia USC akiwa na ndoto moja tu ya kuongoza anaweza kukaa muhula mzima akihudumia filamu ya mwenzake. Anayeingia NYU akipenda uhariri zaidi ya kitu kingine chochote hulazimika kuongoza hata kama moyo wake hauko huko.

Kuna pia suala la hakimiliki, ambalo nalisisitiza kwa sababu waombaji wengi hulijua wakiwa wamechelewa. NYU huwaachia wanafunzi umiliki wa filamu zao. USC, kwa desturi ya miaka mingi, hugharimia sehemu ya filamu zinazotengenezwa katika kozi zake na kubaki na hakimiliki yake. Kwa mtu anayekusudia kuingia studio, hilo si kikwazo kikubwa, maana filamu ya chuo ni kitambulisho tu. Kwa mtu anayetaka kuigeuza filamu yake fupi kuwa ndefu, au kuiuza kwa televisheni ya nyumbani, ni jambo zito, na masharti yake yaombwe kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Coogler mwenyewe, alipofikia hadhi ya kuweza kudai, alikubaliana na studio kwamba umiliki wa filamu yake ya mwaka 2025, *Sinners*, urudi kwake baada ya miaka 25.

Haifai hata hivyo kuvitenganisha vyuo hivi kana kwamba havikutani. *Black Panther* ya mwaka 2018, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, iliongozwa na Coogler na kutiwa muziki na Göransson, wote wa USC, na Whitaker akiwamo kama mwigizaji. Lakini aliyeshika kamera, Rachel Morrison, alipata shahada yake ya kwanza NYU, na waigizaji Danai Gurira na Sterling K. Brown walipata uzamili wao wa uigizaji hukohuko. Lupita Nyong'o wa kwetu Kenya alitoka Yale. Mgawanyo huu unasema kweli fulani: uongozaji wa filamu ya fedha nyingi na kikosi chake vilitoka Los Angeles, na sehemu kubwa ya uigizaji ilitoka pwani ya mashariki. Kwa mwigizaji, basi, mizani inaelemea New York, na orodha nyingine za NYU zinaunga mkono hilo, akiwamo Mahershala Ali, aliyepata Oscar mbili.

Waliotoka kwetu

Kwa upande wa Afrika Mashariki, nyayo ninazoweza kuzifuata kwa uhakika ziko nyingi zaidi NYU. Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia California, alisomea uigizaji hapo na sasa anaonekana katika filamu kubwa za Hollywood. Ntare Mwine, mwigizaji mwenye asili ya Uganda, alisoma katika programu hiyohiyo, kisha akaenda mbali zaidi ya uigizaji: alitengeneza filamu za hali halisi nchini Uganda, mojawapo kuhusu mpiga picha wa mji mdogo aliyehifadhi sura za watu wa kawaida kwa miongo mingi.

Ekwa Msangi, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi Watanzania na kukulia Kenya, alisoma NYU na baadaye akafundisha hapo. Mwaka 2014 alitoa *Soko Sonko*, filamu fupi ya kuchekesha kuhusu baba Mkenya anayelazimika kumpeleka binti yake sokoni akasukwe nywele. Mwaka 2020 filamu yake ndefu kuhusu familia ya Waangola inayokutana tena New York baada ya miaka mingi ya kutengana ilichaguliwa katika shindano kuu la Sundance, na baba katika filamu hiyo aliigizwa na Mwine. Hiki ndicho kielelezo cha NYU katika ukubwa wake halisi: mtu anayefanya kazi baina ya Nairobi na New York, kwa hadithi zilizo zake, na anayejua pa kumpata mwigizaji anayezielewa. Wala haihitaji bajeti ya mamilioni ili iwe kazi nzuri.

Mwongozaji Wanuri Kahiu wa Kenya hayumo katika ulinganisho huu kwa sababu uzamili wake aliupata UCLA, ambayo ni chuo cha umma kilichoko jijini Los Angeles kama USC. Lakini mtu anayetafakari USC na asitazame UCLA atakuwa amejinyima chaguo la maana.

Nje ya filamu nitapita haraka, ingawa yako mambo ya kujua. Katika udaktari NYU ina sifa kubwa: Jonas Salk, aliyetengeneza chanjo ya polio iliyotangazwa mwaka 1955, na Albert Sabin, aliyetengeneza ile ya matone ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki wameipokea mdomoni, wote wawili walihitimu katika shule yake ya tiba. Salk aliichagua kwa sababu ada yake ilikuwa nafuu na kwa sababu haikuwabagua Wayahudi, wakati vyuo vingine viliwawekea ukomo. Na tangu mwaka 2018 shule hiyo imewaondolea wanafunzi wake ada. Katika sheria ya kimataifa alitoka Mohamed ElBaradei wa Misri, aliyepata uzamivu wake mwaka 1974 na Nobel ya Amani mwaka 2005. USC inajivunia msanifu majengo Frank Gehry na wanamichezo wa Olimpiki kwa mamia. Anayelenga fani hizo afanye ulinganisho mwingine, maana huu hautamsaidia.

Ada, viza na uamuzi

Ada ya masomo pekee imepita dola 60,000 kwa mwaka katika kila kimoja, na ukiongeza malazi, chakula na bima jumla hufika kwenye dola 90,000 au zaidi. Mwanafunzi wa filamu huongezewa gharama za filamu zake mwenyewe, na hapo NYU inaweza kuuma zaidi kwa sababu kila mmoja anaongoza. Ufadhili kwa wageni upo, lakini ni wa kushindaniwa, na sioni busara kuanza mwaka wa kwanza bila kujua mwaka wa tatu utalipwa na nani.

Viza nayo inabadilisha hesabu. Mwanafunzi wa kigeni aliyemaliza kwa viza ya masomo kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12, na nyongeza wanayopata watu wa sayansi na teknolojia mara nyingi haiwahusu watu wa sanaa. Miaka sita ya kusubiri aliyokaa Ang Lee haipatikani kwa mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana kasi ya USC, pale inapopatikana, ina thamani kwa anayetaka kubaki Marekani, na ndiyo maana anayechagua NYU anapaswa kuwa na mpango wa nyumbani tangu mwanzo: hadithi ya kupiga hapa, watu wa kupiga nao na mahali pa kuionyesha.

Kuna njia ya tatu ndani ya NYU yenyewe. Kampasi yake ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, inafundisha filamu katika shahada ya kwanza, na inasifika kwa ufadhili unaotazama uwezo wa familia bila kujali uraia. Shahada hiyo si ya shule ya Tisch, na mwombaji asichanganye mambo hayo mawili. Lakini kwa mtoto wa familia ya kawaida ya Zanzibar, Mombasa au Muscat, naiweka juu ya kampasi zote mbili za Marekani.

Kwa waliobaki, uamuzi wangu ni huu. Mwandishi na mwongozaji mwenye hadithi yake, hasa ya kwao, aende NYU. Mhariri, mtu wa sauti, mpiga picha, mtayarishaji na mwandishi wa tamthilia za televisheni aende USC, kwa sababu huko ndiko kazi hizo zinakoheshimiwa kama fani kamili na ndiko kikosi cha baadaye kinakokutana. Mwigizaji aende NYU, au Yale akipata.

Kijana aliyemaliza kidato cha sita na asiyekuwa na ufadhili, mimi ningemshauri asiende kokote kwanza. Spike Lee alikuja NYU akiwa na shahada ya chuo cha Morehouse, Ang Lee akiwa ameshasomea maigizo Illinois, Zhao akiwa na shahada ya siasa, Coogler alikuja USC akiwa na shahada ya fedha kutoka chuo cha umma cha Sacramento, na Kahiu alikuja UCLA akiwa ameshasomea menejimenti Uingereza. Wote walisoma kwanza kitu kingine mahali pengine, wakaja kuisomea filamu katika ngazi ya uzamili wakiwa watu wazima wenye jambo la kusema. Shahada ya kwanza inaweza kupatikana Dar es Salaam, Nairobi au Makerere kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo, na miaka hiyo inatosha kutengeneza filamu fupi mbili au tatu kwa kamera ya kuazima, filamu ambazo kamati ya udahili ya chuo chochote kati ya hivi viwili itataka kuziona.